Taji halisomi habari

Kila Miss Uganda mpya anapotawazwa, Kampala hukosi wa kutabiri: "Huyo tutamwona kwenye taarifa ya saa tatu usiku." Tunazungumza kana kwamba taji na kiti cha msomaji habari vinauzwa pamoja.

Leah Kalanguka, mshindi wa 2014, alikuwa akilima uyoga na kufuga kuku, na mwaka ule washiriki walipelekwa shambani wakakamua ng'ombe. Quiin Abenakyo alipata taji la Afrika kwenye Miss World 2018 huko Sanya, China, akalitumia kupigania wasichana dhidi ya mimba za utotoni. Studio haikuwa njia yao.

Na yule anayefika studio je, si sura tu? Sura husaidia, tusidanganyane. Televisheni ni biashara ya macho. Lakini mtazame Gretchen Carlson, Miss America 1989. Mpiga fidla huyu, msomi wa chuo kikuu cha Stanford, alianzia kituo cha Richmond, Virginia, akahamia Cincinnati, Cleveland, kisha Dallas. Shirika kubwa la televisheni la Marekani, CBS, lilimchukua mwaka 2000. Hesabu mwenyewe miaka aliyokula vumbi la mikoani akiwa tayari na taji lake.

Wengine husema kazi yenyewe ni kusoma maandishi yanayopita mbele ya kamera. Maandishi hukwama! Hapo mtangazaji anaendelea kuzungumza, uso umetulia, huku mwongozaji akimpigia kelele sikioni. Kwa anayesoma kwa Kiswahili hapa Uganda kuna mtihani wa ziada: taarifa nyingi zinatoka ofisini kwa Kiingereza. Hebu itamke bajeti ya matrilioni ya shilingi kwa Kiswahili, papo hapo, bila ngeli kukuponyoka.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba mrembo huwekwa pale apendeze, anyamaze. Julai 2016, Carlson alimshtaki bosi wake katika kituo cha televisheni cha Fox News, Roger Ailes, kwa unyanyasaji wa kijinsia. Kabla mwezi haujaisha Ailes alikuwa amejiuzulu, na baadaye kampuni ikamlipa Carlson dola milioni 20 na kumwomba radhi. Mwaka 2018 alirudi Miss America akiwa mwenyekiti wa bodi. Mwezi Juni mwaka huohuo, kipengele cha vazi la kuogelea kikafutwa.