Taa Zote za Dashibodi Zikiwaka kwa Mpigo, Pima Ethi Kabla ya Kununua Spea

"Fundi, nisaidie, hili gari nadhani limelogwa." Ndivyo alivyoanza mama mmoja mkazi wa Mbezi Beach alipotuletea gari lake la juu, yaani SUV, hapa gereji, Tabata, wiki chache kabla ya mvua za vuli. Kila asubuhi alipoliwasha, dashibodi ilijaa taa za ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kukwama), usukani, 4WD (uendeshaji wa magurudumu yote manne) na injini, zote kwa mpigo. Mchana akiliwasha tena, baadhi zilizimika na nyingine zikabaki. Gereji alikotoka walikuwa wamelipima kwa mashine na kumwambia kwamba pampu ya ABS imekufa, naye alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya pampu iliyotumika kwenye maduka ya spea ya Ilala. Nilimwomba asinunue chochote kwa siku moja. "Haya baba, lakini usinicheleweshe, Jumamosi nina msiba Bagamoyo."

Kazi yangu ni umeme wa magari, na malalamiko ya namna hii ndiyo yanayokula sehemu kubwa ya wiki yangu. Wenye SUV hulalamika zaidi kuliko wenye magari madogo, na sababu haina siri: magari haya yana vifaa vingi vya umeme, kuanzia usukani na viti hadi mlango wa nyuma unaojifungua, na karibu kila mmiliki huongeza vyake juu ya vile vya kiwandani. Hata hivyo, taa nne zinapowaka kwa wakati mmoja, si rahisi kuamini kwamba vifaa vinne vimeamua kufa asubuhi ileile. Ni busara kutafuta kwanza kitu kimoja ambacho vyote vinne vinakitegemea, na kitu hicho ni volti za kutosha pamoja na njia safi ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, njia ambayo sisi mafundi tunaiita ethi.

Gari la mama yule nililipima kwa mita ya kawaida, si kwa kompyuta. Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.5, jambo linaloridhisha, kwa kuwa betri iliyojaa husoma takribani 12.6 na ile iliyobaki nusu husoma karibu 12.2. Stata, yaani mota inayoiamsha injini, ilipozunguka, volti kwenye vichwa vya betri zilishuka hadi 10.4, na hilo nalo halina ubaya, kwa sababu tunaanza kuitilia betri shaka inaposhuka chini ya 9.6. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye bodi ya gari, nikamwambia kijana wangu apige stata. Mita ikaonyesha volti 1.6. Mahali hapo, kwenye gari lisilo na hitilafu, usomaji haupaswi kuzidi sehemu chache za kumi ya volti. Maana yake ni kwamba kontroli boksi zote, yaani kompyuta ndogo zinazoongoza vifaa vya gari, zilizofungwa ethi kwenye bodi zilikuwa zikipata volti 8.8 tu kila gari lilipowashwa, na boksi inayonyimwa volti hukatika kwa nukta moja, huamka ikiwa imechanganyikiwa, kisha huandika malalamiko kwenye kumbukumbu yake.

Nilipofungua bolti ya ethi chini ya betri nilikuta kwamba kuna mtu aliyewahi kuitoa, pengine wakati wa kushusha giaboksi, akairudisha juu ya rangi na kutu. Juu ilikuwa inang'aa; chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kahawia. Tulipiga msasa hadi bati jeupe likaonekana, tukakaza bolti, tukapaka grisi kwa nje, na kipimo kikashuka hadi 0.15. Taa zilifutwa kwa mashine na hazikurudi.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili, kwa kuwa ndipo mafundi wengi tunapokosea, nami nilikosea kwa miaka. Ukipima waya wa ethi kwa balbu ya testa, balbu itawaka vizuri. Ukipima kwa mlio wa mita, mita italia. Vipimo vyote viwili vinapitisha mkondo mdogo mno, ilhali stata inavuta ampea 160 au zaidi. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu haumsumbui mtu kwenye balbu ya testa, lakini ukiuzidisha mara ampea 160 unapata volti 1.6 zinazopotelea njiani. Nyaya za mita yenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo, ndiyo maana ukipima kwa omu hutaona kitu. Ethi hupimwa ikiwa inafanya kazi, na kipimo ni volti zinazopotea kati ya mwanzo na mwisho wake.

Mashine ya kusoma hitilafu haikudanganya kwenye gari lile. Iliyokuwa na kasoro ni tafsiri. Iliandika P0562, yaani volti za mfumo ziko chini, na chini yake ikafuata orodha ya hitilafu zinazoanza na herufi U, ambazo maana yake ni kwamba boksi fulani haikusikika na wenzake. Aliyesoma aliruka mstari wa kwanza akashika wa mwisho. Boksi hizi huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo wa CAN ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986, na katika magari mengi ya leo unaweza kuupima kwenye soketi ya OBD, ile inayochomekwa mashine ya kusoma hitilafu, bila kufungua kitu: toa betri, pima omu kati ya pini namba 6 na namba 14. Kwa kuwa kila mwisho wa mtandao una ukinzani wa omu 120, mita inapaswa kusoma takribani 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ni kazi ya dakika mbili inayotangulia uamuzi wowote wa kununua boksi ya shilingi milioni kadhaa.

Lalamiko la pili kwa wingi ni gari kulala na chaji na kuamka bila chaji. Mwenye gari analiegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi batani inabofywa na kinachosikika ni tiki, tiki, tiki. Hapo wengi hununua betri mpya, na baada ya mwezi wanarudi palepale. Gari la kisasa likilala vizuri huvuta chini ya miliampea 50. Kamera ya rivasi, redio ya skrini kubwa, kifaa cha kufuatilia gari na alamu ya pili, vikifungwa kwa kudandia waya wowote uliokutwa na umeme, vinaweza kulifikisha ampea 0.4 usiku kucha. Kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60, na saa 60 mara ampea 0.4 ni ampea-saa 24. Betri iliyoandikwa 60 lakini imechoka kwa joto la Dar es Salaam, ikawa inashika 40 tu, inabaki na 16, na stata haitaki kusikia habari hiyo.

Namna ya kumtafuta mla chaji ina adabu yake. Kung'oa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita ni njia ya zamani, nayo ina kasoro kwamba ukirudisha fyuzi unaziamsha boksi zilizokwisha kulala, na zingine huchukua hadi nusu saa au zaidi kulala tena. Mimi hufunga gari, huacha boneti na kisanduku cha fyuzi wazi huku nikiwa nimeisukuma kufuli ya boneti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, nasubiri dakika arobaini, kisha naweka ncha za mita kwenye vitobo viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Fyuzi ndogo ya ampea 10 inayopitisha ampea 0.4 husoma takribani milivolti 3. Kwa njia hiyo hakuna kinachong'olewa, hakuna kinachoamshwa, na mwizi anakamatwa akiwa kazini. Mara nyingi ni kifaa cha kuongeza. Namheshimu kila anayetafuta riziki kwa kufunga redio na kamera barabarani, ila waya wa kifaa cha kuongeza unapaswa kuwa na fyuzi yake na kupita penye umeme unaokatika funguo ikitolewa.

Betri yenyewe nayo inastahili neno, hasa ukubwa wake. Betri za Kijapani zina jina linalosomeka: katika 55D23L, namba 55 ni kiwango cha nguvu, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha upande ziliko terminali. Huku kwetu mtu huuziwa iliyopo dukani, ikiwa fupi inawekewa kipande cha mbao, na kibano kinafungwa kwa waya. Sio mzaha. Novemba 2023, Toyota ilitangaza nchini Marekani kuyaita yarudi kurekebishwa magari ya RAV4 ya mwaka 2013 hadi 2018, takribani milioni 1.85, kwa sababu baadhi ya betri mbadala za saizi inayokubalika zina sehemu ya juu ndogo zaidi. Kibano kisipokazwa sawasawa, betri inaweza kusogea gari linapokata kona kwa nguvu, terminali ya chanya ikagusa kibano na kupiga shoti. Ikiwa hilo linawezekana kwenye lami ya Marekani na betri ya saizi halali, barabara ya vumbi na matuta ya kwetu pamoja na kipande cha mbao havihitaji maelezo.

Magari yanayojizima yenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka tena huhitaji betri ya EFB au AGM, aina zinazovumilia kuwasha injini mara nyingi, kwa mfano iliyoandikwa Q-85, na baadhi ya magari ya Ulaya hudai betri mpya isajiliwe kwa mashine ili mfumo wa kuchaji ujue umri wake. Ukiweka ya kawaida itawasha gari, ila haitadumu.

Kuhusu oltaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, nitakuwa mfupi. Gari la kawaida injini ikinguruma lisome kati ya volti 13.8 na 14.5. Isipokuwa kama kwenye terminali hasi kuna kisensa kidogo chenye soketi yake, kwani hapo kompyuta ndiyo inayoamua lini ichaji, na kusoma 12.8 kwa dakika chache si ugonjwa. Kumbuka pia kwamba kwenye foleni ya Ubungo, injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kiyoyozi na feni vikizunguka, oltaneta ya ampea 100 inatoa sehemu tu ya ampea hizo, hivyo kipimo cha maana huchukuliwa huku taa na kiyoyozi vimewashwa. Na tafadhali, usikubali mtu atoe terminali ya betri gari likiwa linanguruma ili "kuona kama oltaneta inachaji." Kwa gari la zamani lisilo na kompyuta lilisamehewa, kwa haya ya sasa, mkondo ukikatwa ghafla oltaneta inaweza kurusha makumi ya volti ndani ya boksi zote, na hapo ndipo pampu ya ABS inapokufa kweli.

Nimeacha maji mwisho kwa sababu ndiyo yanayonipa kazi ngumu kuliko zote. Wenye magari hudhani maji huingia kwa kupita Jangwani wakati wa mafuriko, na ni kweli huingia hivyo, lakini mengi huingia gari likiwa limeegeshwa tu chini ya mwarobaini. Majani huziba mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele na mirija ya dirisha la paa, maji ya masika yanakosa pa kwenda, yanashuka ndani ya nguzo ya mlango na kutulia chini ya kapeti, penye soketi kubwa za nyaya miguuni mwa dereva au abiria. Juu kapeti linakauka kwa siku moja. Sponji iliyo chini yake inabaki imelowa kwa wiki kadhaa.

Tatizo hili halihitaji pwani ili litokee. Januari 2022, Nissan iliyaita magari takribani 793,000 ya Rogue ya mwaka 2014 hadi 2016 huko Marekani na Kanada, kwa kuwa maji na chumvi ya barabarani vilikuwa vikifika kwenye soketi ya nyaya miguuni mwa dereva. Soketi ikiliwa na kutu, madirisha na viti vya umeme vinaweza kugoma, chaji ikaisha, na hata moto ukaweza kutokea. Chumvi yao hutoka kwenye barabara za theluji. Yetu hutoka baharini, na anayelaza gari Msasani au Kigamboni anaipata bila kwenda popote.

Kwa hiyo mtu akiniambia madirisha yanashuka yenyewe au milango inajifunga usiku, siendi kwenye swichi. Naondoa kizingiti cha plastiki cha mlango, naingiza mkono chini ya kapeti hadi kwenye sponji, nafinya. Mkono ukitoka na maji, naitafuta soketi iliyo karibu na kuichomoa taratibu kwa kubonyeza kidole chake, kwani ikivutwa kwa nguvu pini zilizoliwa hukatikia ndani. Wiki iliyopita nilifungua moja yenye pini ishirini na nne: kumi na tisa ziling'aa, nne zilikuwa za kijani, na moja ilibaki upande wa pili kama unga. Ile moja ndiyo iliyokuwa ikipeleka umeme wa kufuli za milango, na mwenye gari alikuwa ameshabadilisha kufuli mbili.