Hakuna sumu kwenye taulo lako

Wiki hii mgonjwa mwingine amenifungulia simu, akanionyesha picha ya taulo jeupe lenye madoa ya manjano. "Daktari, ona sumu zilivyotoka." Alikuwa ametoka sauna, kile chumba cha joto kali cha kutokwa jasho. Kreatinini yake, taka ya damuni tunayoipima kujua hali ya figo, imepanda, na siku zote hizo alikuwa anajinyima maji eti jasho litoke zito.

Madoa yale ni mafuta ya ngozi na deodoranti.

Jasho ni maji, asilimia 99 hivi. Kinachobaki ni chumvi hasa, na yurea kidogo, taka ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo. Kazi yake ni kupoza mwili, basi. Figo ndizo zinazochuja kama lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote kwenye damu na kubakiza lita moja au mbili za mkojo.

"Sasa mbona yurea imo kwenye jasho?" Swali hili nalipenda, maana jibu lake nimeliona kwa macho, mara mbili tu. Mtu ambaye figo zake zimekufa na hajaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, yurea humjaa hadi ikatokea ngozini. Jasho likikauka, zinabaki chembe nyeupe kwenye nyusi na ndevu, utadhani ametoka kusaga unga. Ukipitisha kidole, zinapukutika. Ngozi hapo imejitahidi kuliko itakavyowahi kujitahidi kwako wewe. Na mtu huyo asipowekwa kwenye mashine, anakufa.

Wapo wanaonitajia metali zenye sumu, risasi na kadmi. Ni kweli hupatikana kwenye jasho, ila kwa kiasi kidogo, na ukipima hujui kipi kimetoka ndani na kipi kilikuwa kimeshika ngozi tangu asubuhi. Siwezi kuapa kwamba ni sifuri.

Kilo ulizopunguza sauna ni maji. Tuendelee.

Wananiudhi pia wenzangu wanaosema sauna ni upuuzi mtupu. Mle ndani moyo hudunda kama wa mtu anayetembea haraka, mishipa hutanuka, na ukitoka presha hushuka. Ufini walifuatilia wanaume 2,315 kwa takriban miaka 20. Matokeo ya 2015 yalionyesha kuwa walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walipatwa na vifo vya ghafla vya moyo kwa uchache kuliko walioingia mara moja. Nilikuna kichwa. Anayevumilia nyuzi 80 karibu kila siku huenda alikuwa mzima tangu mwanzo. Mgonjwa wa moyo amebaki nyumbani. Watafiti walizingatia sigara, presha na mengineyo, lakini utafiti wa kutazama tu haumalizi ubishi huo. Mimi nayumba. Naelekea kuamini kwamba faida ipo, ila ni ya joto, si ya jasho.

Mgonjwa wangu nilimwambia anywe maji, na sauna aiache kwanza hadi tupime tena, maana anatumia dawa za kukojoza na akikaukiwa maji figo ndizo zitakazoumia. Akauliza, na taulo je?

Nikamwambia alifue.