Kiwango cha Mafuta si Ubora wa Mafuta

Kila unapozuka mjadala kuhusu vyakula vya kukaanga vinavyouzwa barabarani, mambo mawili huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja. Mmoja husema chakula fulani hakifai kwa sababu kina mafuta mengi. Mwingine humjibu kwamba kinafaa, kwa kuwa kimekaangwa kwa mafuta yasiyo na kolesteroli. Wa kwanza anazungumzia kiwango, wa pili anadhani anazungumzia ubora, na ni huyo wa pili anayehitaji kusahihishwa zaidi.

Kiwango cha mafuta ni uzito wa mafuta yaliyomo katika gramu 100 za chakula kilicho tayari kuliwa. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini hutoa takriban 4, kwa hiyo kiwango hicho hutueleza mengi kuhusu nishati. Hutegemea sana umbo la chakula, kwa maana vipande vyembamba hunyonya zaidi kuliko vinene. Hutegemea pia namna kinavyochujwa, kwa sababu mafuta mengi huingia ndani chakula kinapopoa baada ya kuopolewa, wakati mvuke uliokuwa ukitoka umekoma.

Hata hivyo, kiwango hakisemi mafuta hayo ni ya aina gani. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, lakini sehemu kubwa ya mafuta hayo haikushiba haidrojeni, yaani ni ya aina iliyo nafuu zaidi kwa moyo, na huambatana na protini na nyuzinyuzi. Kipande cha unga uliokobolewa kilichokaangwa kinaweza kuwa na mafuta machache kuliko karanga hizo na bado kikawa duni kwa lishe.

Sasa tuje kwenye kolesteroli. Hiyo hutengenezwa katika miili ya wanyama, na mimea huwa nayo kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Kwa hiyo kuyasifu mafuta ya mimea kwa kukosa kolesteroli ni kuyasifu kwa jambo ambalo mafuta yote ya mimea yanalo, mazuri kwa mabaya. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi, na karibu nusu ya mafuta ya mawese, ni asidi za mafuta zilizoshiba haidrojeni, ambazo hupandisha kolesteroli ya LDL, ile iitwayo mbaya, katika damu ingawa hazina kolesteroli ndani yake. Kolesteroli iliyo katika chakula na ile iliyo katika damu ni mambo mawili, na sehemu kubwa ya hiyo ya pili hutengenezwa na mwili wenyewe.

Kosa hilo huwa zito zaidi tunapofikia mafuta ya transi. Mwaka 1902 mwanakemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa haidrojeni. Mchakato huo ukiachwa nusu, huzaa asidi za transi, ambazo hupandisha LDL na kushusha HDL, kolesteroli iitwayo nzuri, kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, yaani gramu 2 na kidogo kwa anayekula kilokalori 2,000, na Denmark iliyawekea mafuta hayo ya viwandani kikomo cha kisheria tangu 2003. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa hivyo yanaweza kuandikwa kwa ukweli kabisa kwamba hayana kolesteroli.

Wapo pia wanaodhani kwamba transi hutokana hasa na kurudia mafuta yale yale kwenye karai. Kurudia huzalisha transi kidogo tu. Madhara yake makubwa ni mafuta kuoza kwa joto na oksijeni, yakawa meusi, yakatoa povu na kufuka moshi mapema. Hiyo ni kasoro ya tatu, nayo haitambuliki kwa kupima kiwango wala kwa kusoma lebo.

Kwa hiyo, anayesema chakula kina mafuta mengi yuko sahihi ikiwa anazungumzia nishati. Anayetaka kutetea ubora wake, basi, aache kolesteroli kando, atueleze mafuta hayo yametokana na nini, kama yamegandishwa kwa haidrojeni, na yamekwisha kutumika kukaangia mara ngapi.