Nyambizi ya nyuklia hailindwi na madini ya risasi peke yake

Tangu habari za urani ya Bahi zianze kuvuma, vijiweni hapa Dodoma utamsikia mtu akisema kwa uhakika kabisa: mabaharia wa nyambizi za nyuklia wanasalimika na mionzi kwa sababu kinu, yaani mtambo wa nyuklia unaoiendesha, kimefunikwa kwa madini ya risasi, basi. Kama ile aproni nzito ya chumba cha eksirei.

Hiyo ni nusu ya habari. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, beta na bati jembamba la alumini; hizo hazimnyimi mhandisi usingizi. Gama ndiyo inayodai risasi na chuma. Lakini nyutroni, chembe inayoruka kutoka kwenye kiini cha atomu, haina chaji, na kiini cha atomu ya risasi kinaizidi uzito mara 200 hivi: ikikigonga hudunda na karibu kasi ileile, kama goroli iliyopiga ukuta. Ikigonga haidrojeni, yenye uzito karibu sawa nayo, hupoteza kwa wastani nusu ya nishati yake. Ndiyo maana kinu huzungushiwa tangi la maji, yenye haidrojeni tele, na kwenye kuta huongezwa polithini nene, nayo imejaa haidrojeni (ndiyo, jamii ileile ya mifuko iliyopigwa marufuku 2019).

Kinu kikizimwa, nyutroni hukoma karibu zote, ila gama ya mabaki ya atomu zilizopasuliwa kinuni huendelea. Hapo risasi bado ina kazi.