Anacheza au anachezeshwa?

Kujifunza kwa kucheza ni mtoto mdogo kupata stadi kupitia mchezo anaouchagua na kuuongoza mwenyewe, mahali ambapo mwalimu ameandaa vifaa akiwa na lengo. Basi.

Utata unatoka kwenye neno "mchezo", ambalo tumelitwika mengi. Ni kandanda, ni igizo, kwa kina mama ni upatu, na "acha mchezo" maana yake ni acha upuuzi. Ndiyo maana mzazi akiambiwa mwanawe ameshinda akicheza, huuliza ada inalipia nini. Kitenzi kina msaada zaidi, kwa kuwa Kiswahili kinatenganisha kucheza na kuchezesha. Refa huchezesha mechi. Mwalimu anayewapanga watoto 40 waimbe "a, e, i, o, u" na kupiga makofi kwa amri yake, naye anachezesha. Wimbo huo unawazoeza sauti za lugha, tena vizuri, ila hakuna mtoto aliyechagua, aliyebuni wala aliyetatua jambo. Wamechezeshwa.

Tazama mdako. Mchezaji anarusha jiwe juu, anazoa vijiwe shimoni, analidaka. Anarusha tena, anavirudisha vijiwe na kubakiza kimoja nje. Raundi ya pili anabakiza viwili, ya tatu vitatu. Akikosea idadi, zamu imempita. Anahesabu kwa jicho na mkono wakati jiwe liko hewani, na msahihishaji ni mwenzake anayesubiri zamu kwa hamu. Mwalimu akiingilia na "haya, wote, moja, mbili", mchezo umekufa. (Wa miaka mitano waanze na vijiwe vitano. Wa chini ya mitatu wasipewe kabisa, watavimeza.)

Kona ya duka, pale darasani watoto wanapoigiza kuuza na kununua, nayo huharibika kwa haraka. Visoda ndiyo pesa, makopo matupu ndiyo bidhaa, lakini kipindi ni dakika 20, na dakika 10 huishia kwenye kugombea nani muuzaji. Unganisha vipindi viwili. Kaa karibu, sikiliza, na wakikwama ongeza swali moja tu: "Chenji imeisha, mteja atafanyaje?" Kuwamwagia visoda kisha kwenda kusahihisha madaftari ni kosa la upande wa pili.

Kwa hiyo kile kipindi cha makofi kisifutwe kwenye ratiba. Kiandikwe tu "nyimbo", ambalo ndilo jina lake.