Mwani katika tangi dogo la uduvi: maana yake, na wakati wa kuushughulikia

Mwani ni jina la jumla la viumbe wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, ila hawana mizizi wala majani ya kweli. Ndani ya tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huonekana kama vumbi la kijani kwenye kioo, nyuzi zilizonasa kwenye mimea, au maji yenyewe kugeuka kijani.

Mfugaji wa samaki huuona ni uchafu. Kwa mfugaji wa uduvi mambo ni tofauti kidogo. Uduvi hushinda wakichokoachokoa utando mwembamba wa mwani na bakteria unaofunika mawe, magogo na majani, na watoto wao huutegemea kuliko wakubwa kwa kuwa hawaendi mbali kutafuta chakula. Tangi linalong'aa pande zote lina njaa. Safisha kioo cha mbele upate kutazama, vya nyuma na pembeni viache.

Shida huanza mwani unapozidi uwezo wa walaji. Unahitaji mwanga na virutubisho, hasa nitrati na fosfati, na katika tangi la lita 10 au 20 kidonge kimoja cha chakula kilichosahaulika kinatosha kubadilisha maji. Uduvi wenyewe huchafua kidogo mno. Kwa maoni yangu, mara nyingi wa kulaumiwa ni mkono unaolisha. Weka chakula kinachokwisha ndani ya saa 2 au 3, kinachobaki kitoe. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Mimea inayoelea husaidia sana, maana hukinga mwanga na kunyonya virutubisho hivyohivyo.

Rangi nayo ina la kusema. Vumbi la kahawia katika tangi jipya kwa kawaida ni diatomu, mwani wa chembe moja moja, na mara nyingi hupungua lenyewe baada ya wiki kadhaa. Nyuzi ndefu zizungushe kwenye mswaki mpya, uzivute polepole, watoto wa uduvi hujificha humo. Ndevu nyeusi, licha ya rangi yake, ni za kundi liitwalo mwani mwekundu, ambao uduvi hawaushughulikii sana. Kata jani lililoathirika. Utando telezi wa kijani-samawati, wenye harufu mbaya na unaobanduka kama ngozi, si mwani hata kidogo: ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Unyonye kwa mpira wa maji unapobadilisha maji.

Kubadilisha maji kwenyewe kuna kiasi chake. Asilimia 10 hadi 15 kwa wiki yatosha, yakiingia taratibu na yakiwa na joto lilelile. Ukibadilisha mengi kwa mkupuo, uduvi wanaweza kujivua gamba kabla ya wakati na kufa.

Kuhusu dawa za kuua mwani, soma kibandiko kwanza. Nyingi zina shaba. Ajabu ni kwamba damu ya uduvi hutumia shaba kubeba oksijeni, lakini shaba iliyoyeyuka majini huwaua hata ikiwa kidogo. Hata dawa isiyo na shaba ina hatari yake: mwani ukifa wote kwa pamoja huoza, na kuoza huko hula oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa uduvi.

Wapo wanaoongeza walaji. Konokono wa nerite hukwangua kioo vizuri na hawaongezeki kwenye maji baridi, kwa sababu mabuu wao huhitaji maji yenye chumvi. Uduvi wa Amano, Caridina multidentata, ndio mashuhuri zaidi. Jina hilo la kawaida limetokana na Takashi Amano, mpiga picha na mpambaji wa matangi wa Japani, aliyewapa umaarufu kama walaji wa mwani. Ila ukiwalisha wakashiba, nyuzi hawazigusi.