Kiharusi na michoro ya Waaborijini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Haya ndiyo yanayosemwa kuhusu kuwahudumia wagonjwa wa kiharusi walio Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia.

"Weka picha ya nukta kwenye kipeperushi cha kiharusi, jamii itakuwa imeshirikishwa."
Hii kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Uchoraji wa nukta wa Waaborijini uliozoeleka leo ulianza kuvuma Papunya, katikati ya jangwa la Australia, mwaka 1971, wanaume wa pale walipochora hadithi ya sisimizi wa asali kwenye ukuta wa shule. Mwaka uliofuata wakaunda kampuni yao, Papunya Tula. Kaskazini, Arnhem Land, watu huchora kwenye magome ya miti kwa mistari myembamba inayokatana. Mgonjwa wa huko ukimpa nukta za jangwani, umempa picha ya watu wengine. Tena kila hadithi ina wenyewe, na si kila mchoraji ana haki nayo. Mwaka 1994 Mahakama ya Shirikisho iliwapa ushindi wachoraji ambao kazi zao zilinakiliwa kwenye mazulia bila idhini. Kwa hiyo hospitali ianze kwa wenye hadithi, iwalipe, na wakikataa ikubali.

"Kiharusi ni cha wazee."
Si huko. Waaborijini hukipata zaidi kuliko Waaustralia wengine, na wakiwa na umri mdogo zaidi. Aliyeanguka huenda bado analea.

"Asiyeweza kuongea akili imeondoka."
Afasia, shida ya lugha ambayo kiharusi huweza kuleta, huvuruga lugha, akili ni jambo jingine. Na mtu ambaye lugha yake ni Kipitjantjatjara, lugha ya Waaborijini wa jangwani, akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni nini hasa? Australia Magharibi, mradi wa Healing Right Way uliweka waratibu Waaborijini wa kuwafuata wagonjwa tangu hospitalini hadi nyumbani, na wahudumu wakafundishwa utamaduni wa wagonjwa wao. Kwanza watu wapige soga, waulizane ukoo na kwao, fomu itasubiri.

"Kuchora kunaponya mkono uliopooza."
Hakuchukui nafasi ya dawa za presha wala mazoezi ya viungo. Ila tazama kazi yenyewe: kanvasi imetandazwa chini, mchoraji ameketi ardhini, anachovya kijiti kwenye rangi, anagonga nukta, anajisogeza upande wa pili. Mtaalamu aliyemfundisha kuinuka kitini tu, huyo hajamrudisha kazini. Ajifunze kuketi chini na kuinuka, hata kama kwenye orodha ya hospitali zoezi hilo halipo.

"Jamii hizi husubiri kusaidiwa."
Figo na kiharusi vina mizizi ileile ya presha na kisukari, na kwenye figo wachoraji hawakusubiri. Novemba 2000 michoro ya Papunya Tula ilipigwa mnada Sydney, ikaingiza zaidi ya dola milioni 1 za Australia, ili wagonjwa wa figo wa Kintore, kijiji cha jangwani, wasafishwe damu kwao badala ya kuhamia mji wa mbali wa Alice Springs. Huduma iliyozaliwa hapo inaitwa Purple House, inaongozwa na Waaborijini wenyewe, na ina hadi lori lenye mashine linalozunguka vijijini.